Maisha ya Profesa Ferdinand Cohn, Mwainishaji wa Bakteria

Katika sura iliyotangulia tuliona kwamba mwanasarufi anayeketi kuzipanga nomino za Kiswahili hukutana mapema na swali moja zito: je, azipange kwa kufuata umbo la neno lenyewe, au kwa kufuata upatanisho ambao neno hilo huuleta katika sentensi? Nomino kifaru ina kiambishi ki-, na wingi wake ni vifaru. Lakini tunasema kifaru amelala, wala hatusemi kimelala, ila tunapozungumzia kile kifaru cha chuma cha wanajeshi. Umbo linavuta huku, matumizi yanavuta kule. Kabla ya kuingia katika mazoezi, tumeona vyema kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa mwanasarufi, bali profesa wa elimu ya mimea, aliyekabiliwa na swali la namna hiyohiyo juu ya viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho matupu. Mtu huyo ni Ferdinand Julius Cohn. Wanachuo watakaofundisha katika shule ambamo mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa biolojia hutumia chumba kimoja cha walimu hawatapoteza kitu kwa kumjua.

Cohn alizaliwa tarehe 24 Januari 1828 katika mji wa Breslau, jimbo la Silesia, lililokuwa sehemu ya ufalme wa Prussia. Mji huo sasa uko Poland na unaitwa Wrocław. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa mfanyabiashara ambaye mambo yake yalimnyookea kadiri miaka ilivyopita. Inasimuliwa kwamba Ferdinand alijua kusoma kabla hajatimiza miaka 2. Habari za utoto wa watu mashuhuri huongezwa chumvi, nasi hatumlazimishi msomaji aziamini zote. Lakini tarehe za chuo kikuu hazina shaka, nazo zatosha: alijiunga na Chuo Kikuu cha Breslau mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 16. Tangu utotoni masikio yake yalikuwa mazito. Mtu asiyesikia vyema hujifunza kuyategemea macho, na hatudhani kuwa ni kosa kuona hapo chanzo kimojawapo cha subira yake mbele ya hadubini.

Huko chuoni alivutwa na elimu ya mimea, akafundishwa na Heinrich Göppert na Christian Nees von Esenbeck. Ilipofika zamu ya kutahiniwa kwa ajili ya shahada ya udaktari, alizuiwa. Chuo hakikuwa radhi kumpa Myahudi shahada hiyo. Aliandika maombi ya kutaka sharti hilo lilegezwe, na maombi hayo yakakataliwa. Kijana aliyekuwa akijifunza kuipanga mimea katika makundi yake akajikuta yeye mwenyewe amekwisha kupangwa: hakuulizwa anajua nini, aliulizwa ni wa kundi gani.

Mwaka 1846 alihamia Berlin, ambako kizuizi hicho hakikuwapo. Huko alimkuta mwanafiziolojia Johannes Müller, na alimkuta pia Christian Ehrenberg, mzee wa hadubini, ambaye alikuwa ameeleza na kuchora aina nyingi mno za viumbe wadogo wa majini. Ehrenberg aliamini kwamba viumbe hao wote ni wanyama wenye viungo kamili, tumbo likiwa miongoni mwavyo. Katika hilo alikosea, lakini alimwachia mwanafunzi wake urithi mkubwa kuliko usahihi wa nadharia, yaani mazoea ya kuketi saa nyingi akitazama tone moja la maji. Tarehe 13 Novemba 1847 Cohn alipewa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Berlin. Alikuwa na miaka 19. Mwaka uliofuata mapinduzi yalizuka katika nchi za Kijerumani, na kijana Cohn aliwaunga mkono waliodai uhuru. Mapinduzi yakazimwa, naye mwaka 1849 akarudi kwao Breslau.

Baba yake alimnunulia hadubini kubwa ya thamani, iliyotengenezwa na fundi Plössl wa Vienna. Kuanzia mwaka 1850 Cohn alifundisha katika chuo kilekile kilichomnyima shahada, kwanza akiwa mhadhiri wa ngazi ya chini ambaye, kwa desturi ya vyuo vya Kijerumani, hakuwa na mshahara bali alitegemea ada za wasikilizaji wake. Mwaka huohuo alichapisha uchunguzi wake juu ya mwani mmoja mwekundu wa maji ya mvua, akaonyesha kwamba uteute hai uliomo ndani ya seli ya mmea na ule uliomo ndani ya mwili wa mnyama ni kitu cha asili moja. Aliandika pia juu ya viumbe hai waliomo katika maji ya kunywa ya mji wake, wakati ambapo watu wa Ulaya walikuwa wakifa kwa kipindupindu bila kujua ugonjwa huo unapita njia gani. Mwaka 1859 alipandishwa cheo akawa profesa mshiriki, na mwaka 1866 akaanzisha taasisi ya fiziolojia ya mimea. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1872. Tukihesabu tangu alipokwenda Berlin kutafuta shahada, ilikuwa imepita miaka 26.

Mwaka huohuo wa 1872 alitoa kazi ambayo ndiyo iliyotufanya tumchague. Yafaa kwanza tueleze hali ilivyokuwa. Bakteria walikuwa wamekwisha kuonekana katika karne ya 17, lakini miaka mia mbili baadaye wataalamu walikuwa bado hawajaelewana hata juu ya mambo ya msingi. Kila mmoja alitoa majina yake. Wengine waliwaweka bakteria pamoja na wanyama, wengine pamoja na kuvu, na wengine walisema kwamba hakuna aina za bakteria kabisa: kwamba punje leo huwa kijiti kesho, na kijiti huwa nyuzi keshokutwa, kwa kutegemea chakula na joto. Mganga aliyeona vijiti katika damu ya ng'ombe aliyekufa hakuweza kusema kwa hakika kama vijiti hivyo ndivyo vilivyomuua au ni uozo uliokuja baadaye. Tena, kama vijiti vinaweza kugeuka kuwa kitu kingine chochote, swali lenyewe halina maana.

Cohn alitazama, akachora, akatazama tena. Kisha akapendekeza jenasi sita. Wale wa mviringo kama punje aliwaweka katika jenasi Micrococcus. Vijiti vifupi vilikuwa Bacterium, na vijiti virefu vilivyonyooka vilikuwa Bacillus. Waliojipinda kama mawimbi waliitwa Vibrio. Wa mwisho walikuwa wenye msokoto: walio wakavu wasiokunjika wakaitwa Spirillum, na walio warefu wanaonyumbulika wakaitwa Spirochaete. Baadhi ya majina hayo aliyachukua kwa waliomtangulia, mengine aliyatunga. Mwalimu wa sarufi atafurahi kujua kwamba Bacterium linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya fimbo ndogo, na kwamba Bacillus linatokana na neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo. Kiswahili, ambacho hudunisha kwa ki-, kingelazimika kusema kifimbo mara mbili.

Kama Cohn angeishia hapo, angekuwa mpangaji wa maumbo tu. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba umbo halitoshi. Alisema wazi kwamba mpango wake ni wa muda, kwa kuwa bakteria wawili wanaweza kufanana kabisa chini ya hadubini na hata hivyo kazi zao zikawa mbali kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo ndani ya jenasi Micrococcus aliweka mafungu matatu kwa kufuata wanayoyatenda: wanaotoa rangi, wanaochachusha, na wanaoleta magonjwa. Mwenzake, Joseph Schroeter, aliwaotesha bakteria wa rangi juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa, na ikaonekana kwamba kila doa huzaa doa la rangi yake. Ushahidi huo ni wa jikoni, lakini ni imara: kama bakteria hugeuka ovyo, mbona wekundu hawakuzaa buluu?

Mfano ulio bora zaidi ni huu. Katika jenasi Bacillus, Cohn alimweka kiumbe wa maji ya nyasi kavu ambaye Ehrenberg alimhesabu katika jenasi nyingine. Cohn akamhamisha na kumwita Bacillus subtilis. Katika jenasi hiyohiyo akaweka vijiti vya ugonjwa wa kimeta, akaviita Bacillus anthracis. Wa kwanza hukaa katika nyasi na udongo, wala hamdhuru ng'ombe anayezila nyasi hizo. Wa pili humwangusha ng'ombe, na mtu anayemchuna au kumla ng'ombe huyo huweza kufa naye, jambo ambalo wafugaji wa nchi zetu hawahitaji kufundishwa na profesa. Umbo lao karibu ni moja. Ni tabia inayowatenga.

Si wote waliokubali. Carl von Nägeli wa München, mtaalamu wa mimea mwenye sifa kubwa kuliko Cohn wakati huo, alishikilia kwamba bakteria hubadilika maumbo na kazi, na daktari mpasuaji Theodor Billroth alikuwa na mawazo yaliyokaribiana na hayo. Tukitazama nyuma tunaweza kusema kwamba Cohn aliusisitiza uthabiti wa aina kupita kiasi, maana bakteria hubadilika kweli, ingawa si kwa namna waliyoifikiria wapinzani wake. Tena alikosea kuwahesabu kuwa ni mimea. Leo hawahesabiwi kuwa mimea wala wanyama. Lakini kosa lake lilikuwa la kufaa. Aliyemfuata Cohn angeweza kuuliza ugonjwa fulani huletwa na bakteria gani, akaenda kutafuta. Aliyemfuata Nägeli hakuwa na cha kutafuta.

Jambo la pili kubwa lilianzia katika mabishano ya Waingereza. Daktari Henry Charlton Bastian wa London alidai kwamba mchuzi wa mboga uliotiwa jibini kidogo, ukichemshwa na kufungwa vizuri, baada ya siku chache hujaa viumbe hai. Na kwa kuwa kuchemsha huua kila kitu, basi uhai umezuka wenyewe. Louis Pasteur alikuwa amekwisha kuipinga nadharia ya uhai kuzuka wenyewe, lakini jaribio hili lilikataa kukanushwa, kwani kila aliyelifanya aliona viumbe hao. Cohn hakubishana kwa maneno. Alilirudia jaribio, akauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: ni bakteria gani hao wanaotokea baada ya kuchemsha? Hapo mpango wake wa jenasi sita ukalipa. Hawakuwa punje, wala wenye msokoto, bali Bacillus, vijiti virefu vilivyonyooka.

Akawafuata vijiti hao katika maji ya nyasi kavu, siku baada ya siku. Mwanzoni waliongezeka na kurefuka kuwa nyuzi. Kisha, chakula kilipopungua, ndani ya nyuzi kukaonekana vitone vya duara dufu vinavyong'aa, kimoja kimoja, vimepangana mithili ya shanga. Nyuzi zikaoza na kutoweka, vitone vikabaki. Maji yakachemshwa, vitone havikufa. Vikiwekwa tena katika hali njema vilichipua, na kila kimoja kikatoa kijiti. Hizo ndizo spora. Uhai haukuzuka wenyewe katika chupa za Bastian. Ulikuwa umejifunika ndani ya ganda gumu na kusubiri moto upite. Mwaka 1877 John Tyndall alionyesha njia ya kuzishinda spora: chemsha, acha zichipue, chemsha tena. Baada yake vikaja vyungu vya mvuke wenye shinikizo ambavyo hospitali zetu hutumia kutakasia vifaa vya upasuaji. Mwanachuo aliyewahi kuumwa na tumbo kwa sababu ya kiporo cha wali kilicholala nje usiku kucha huenda alikutana na mmoja wa jamaa za Bacillus, ambaye spora zake huvumilia sufuria.

Cohn alikuwa akiiandaa makala yake juu ya spora wakati barua ilipomfikia, mwezi Aprili 1876, kutoka mji mdogo wa Wollstein. Mwandishi alikuwa daktari wa wilaya, mwenye miaka 32, asiye na cheo chuoni wala maabara ila chumba cha nyumbani kwake. Alisema kwamba ameuchunguza ugonjwa wa kimeta na kuona maisha yote ya bakteria wake, na akaomba ruhusa ya kuja kuonyesha. Jina lake lilikuwa Robert Koch. Profesa wa makamo aliyezoea kupokea barua za watu wanaodhani wamegundua jambo angeweza kuiweka kando. Zaidi ya hayo, jambo aliloandika Koch liligusa hasa kile ambacho Cohn mwenyewe alikuwa karibu kukitangaza. Cohn alimjibu aje.

Koch alifika Breslau tarehe 30 Aprili, akiwa na vifaa vyake, na kwa siku tatu katika taasisi ya Cohn aliyarudia majaribio yake mbele ya macho ya wenyeji. Alionyesha vijiti vya kimeta vikirefuka kuwa nyuzi, nyuzi zikijaa spora, spora zikichipua kuwa vijiti, na panya wakifa kwa kuchomwa spora hizo. Sasa ikaeleweka kwa nini malisho fulani huua mifugo mwaka baada ya mwaka, hata pasipokuwa na mnyama mgonjwa: spora zimo udongoni. Cohn hakuchelewa kutambua kwamba mgeni wake ni bingwa. Alimwita Julius Cohnheim, mkuu wa taasisi ya patholojia, naye akawahimiza wasaidizi wake waache kazi zao waende kuona.

Makala ya Koch ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la Cohn, katika toleo moja na makala ya Cohn mwenyewe juu ya spora za Bacillus subtilis. Mhariri alikuwa Cohn. Angeweza kuitanguliza yake na kuichelewesha ya mgeni. Tunalitaja hili kwa sababu katika historia ya sayansi mifano ya kinyume chake ni mingi, na kwa sababu tunamkumbuka yule kijana wa Breslau aliyenyimwa mtihani. Yeye hakumuuliza Koch ni wa chuo gani.

Jarida hilo, lililohusu biolojia ya mimea, Cohn alilianzisha mwaka 1870, na kwa miaka kadhaa ndimo zilimochapishwa makala za kwanza zilizoifanya bakteriolojia kuwa elimu yenye kusimama. Katika ufundishaji alitaka wanafunzi watazame wenyewe kwa hadubini kabla ya kusoma walichokiona wengine. Hakudharau kuzungumza na watu wa kawaida pia. Alitoa mihadhara ya jioni kwa wananchi, na mwaka 1872, sambamba na ile kazi nzito ya uainishaji, alichapisha kijitabu chepesi juu ya bakteria kwa wasomaji wasio wataalamu. Mwaka 1882 akaikusanya mihadhara yake juu ya mimea katika kitabu kilichopendwa sana. Kuandika jambo moja mara mbili, kwa lugha mbili za Kijerumani, ya chuo na ya sebuleni, ni kazi ambayo wengi wa wenzake hawakuiweza.

Koch, kwa upande wake, alihamia Berlin mwaka 1880, akatambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na sifa yake ikafunika ya mwenyeji wake. Alikuja hata huku kwetu. Mnamo 1906 na 1907 alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, kuchunguza malale, ugonjwa ambao hauletwi na bakteria bali na kijidudu kinachobebwa na mbung'o. Dawa aliyoitumia huko iliwapofusha baadhi ya wagonjwa, na visa vyake vinadai sura yake. Cohn hakuyashuhudia hayo.

Katika miaka ya mwisho aliirudia mimea, ambayo ndiyo iliyokuwa mapenzi yake ya kwanza, akawaachia vijana uwanja wa bakteria. Heshima zilimjia kwa wingi: medali ya Leeuwenhoek kutoka Uholanzi mwaka 1885, medali ya dhahabu ya chama cha Linnean cha London mwaka 1895, na uraia wa heshima wa mji wa Breslau. Alifariki dunia ghafla mjini humo tarehe 25 Juni 1898, akiwa na miaka 70, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi. Mkewe, Pauline, ambaye walioana mwaka 1867, alizikusanya kumbukumbu zake na kuzitoa katika kitabu mwaka 1901.

Kati ya majina yale sita, Bacillus, Vibrio, Micrococcus na Spirillum yangali yakitumika katika vitabu vya biolojia, ingawa mipaka yake imebadilishwa mara nyingi. Bacterium lilikuja kuondolewa katika orodha ya jenasi, kwa kuwa kila kijiti kifupi kisichokuwa na kwao kilitupwa humo, mpaka ikawa haiwezekani tena kusema waliomo ndani yake wanahusiana vipi. Katika zoezi la kwanza hapa chini, mwanachuo ataona kwamba katika sarufi yetu nasi tunayo ngeli moja iliyopatwa na jambo kama hilo.